Majibu ya Sakina Yaachwe Yalivyo

Siku mliyoniaga, kwenye kile kikao cha skrini ambacho nusu yenu mlinipigia makofi huku mmefunga vipaza sauti, kijana mmoja aliniuliza swali nikalikwepa. Aliuliza kwa nini ndani ya mkataba wa huduma ya maabara, kwenye mfano wa kwanza, kuna maneno yangu yanayosema "Majibu haya yaachwe yalivyo." Alitaka kuyafuta kwa sababu hayaelezi kitu. Nikamwambia nitamjibu siku nyingine. Kisha nikakata ile keki mliyoniletea mlangoni kwangu hapa Agincourt, Kanada, nikala kipande, nikashindwa kukimaliza.

Basi leo ndiyo siku nyingine. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mambo yenyewe yalitokea kwa Kiswahili. Wale Wakenya wa timu watawasomea wenzao, wasijifanye wamekisahau. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu.

Nilianza kazi pale wakati wa baridi. Kabla ya hapo nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja kule Rexdale, shahada yangu ya kompyuta ikiwa imelala sandukuni chini ya masweta. Siku ya kwanza nilivaa suti niliyoshonewa nyumbani, kitambaa chepesi cha harusini, nikafika midomo imeganda hata jina langu mwenyewe, Pendo, halikutoka sawasawa. Mchana nilikaa chumba cha kulia nikaongea na dada yangu kwa simu. Nikamwambia, "We acha tu, hapa wanalipa mtu hata akikaa kimya."

Nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Alikuwa Mhindi wa makamo, ndevu zimeanza mvi, kashika chombo cha wali.

"Wa wapi wewe?" aliniuliza, Kiswahili kimenyooka kuliko changu.

"Tanga."

"Tanga ya wapi?"

"Muheza."

"Ala! Muheza ni Muheza, binti. Tanga ni Ngamiani, tena barabara ya kumi na mbili."

"Shikamoo, mzee wa barabara ya kumi na mbili."

"Marahaba, binti wa machungwa ya Muheza. Karibu chakula."

Huyo ndiye Mzee Murtaza, na wengi wenu hamkumkuta. Aliondoka Tanga kijana na wazazi wake, akakaa Thornhill karibu na jamaa zake na msikiti wao. Watu wanasema Tanga, waja leo warudi leo. Yeye alikuwa akisema alikuja Kanada leo, na kurudi bado anangoja iwe leo. Ofisi nzima ilimwita kwa jina lake tupu, hata watoto waliotoka chuoni juzi. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi mbele yao, na alikuwa anajinyoosha kidogo kwenye kiti kabla ya kuitikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Programu ya hospitali ikitaka majibu ya vipimo vya mgonjwa, inaiuliza huduma ya maabara. Lazima pawe na makubaliano yaliyoandikwa: swali linaulizwaje, na jibu linarudi na nini ndani yake. Hayo ndiyo Mzee aliyaita mkataba, na jina likabaki. Nilipofika, kila timu ilisoma mkataba kisha ikaandika kwa mkono sehemu yake ya kuuliza, na kila timu ilisoma ilivyopenda. Timu moja iliona namba ya mgonjwa ni namba kama namba nyingine. Sifuri za mwanzo zikamezwa, na watu waliolazwa wodini wakawa hawapo kwenye kompyuta. Namba ya mgonjwa haijumlishwi wala haitolewi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, iwekeni kama maandishi. Hilo libandikeni ukutani, kama bado mna kuta za ofisi.

Mzee alichoka kugombana na watu. Akatengeneza programu ya kusoma mkataba na kuandika yenyewe zile sehemu za kuuliza, kwa kila lugha ya kompyuta tuliyotumia. Mimi na yeye tuliiita cherehani, kwa sababu baba yake alikuwa fundi cherehani pale Tanga, na alimfundisha kwamba ukikata kipimo kimoja vizuri unaweza kushona sare za shule nzima. Ukitaka kubadilisha kitu, unabadilisha mkataba pahali pamoja, unaendesha cherehani, na pote panafuata. Kilichotoka kwenye cherehani hakiguswi kwa mkono. Kila mwaka alikuja bingwa mmoja akakigusa, akaenda nyumbani kwa furaha, kesho yake cherehani ikapita juu ya kazi yake kama haikuwahi kuwepo. Tulimwachia alie kidogo, kisha tukamwonyesha mkataba.

Cherehani hiyo hiyo ilishona na bandia. Hiyo ni huduma inayojifanya maabara wakati wa majaribio, ili tusiisumbue maabara ya kweli. Ukiiuliza, inakujibu kwa mfano ulioandikwa ndani ya mkataba. Na mfano aliuandika Mzee kwa mkono wake. Jina: Sakina. Tarehe ya kuzaliwa. Kipimo: damu. Majibu: kawaida.

Kwa hiyo kila timu ilipoendesha majaribio yake, asubuhi na jioni, maabara ya bandia iliulizwa habari za Sakina, na kila ilipoulizwa ilijibu kwamba damu yake ni ya kawaida. Tulimzoea. Mtu akipita mezani kwako alikuuliza, "Sakina anajibu?" maana yake, mashine yako imekaa sawa? Nami nilijibu, "Anajibu, hajambo."

Wiki yangu ya kwanza niliandika jaribio, yaani programu ndogo ya kukagua programu zetu, la kuhakikisha kwamba jina linalorudi ni Sakina. Mzee alilisoma akatikisa kichwa. "Kesho mfano ukibadilishwa, jaribio lako litaanguka bila kosa la mtu. Weka majina yako mwenyewe ndani ya jaribio. Jaribu kazi, usimshike mtu." Nikaandika upya. Miaka yote niliyokaa pale nimelirudia neno hilo kwa kila aliyekuja, mpaka ninyi mkanitania kwalo. Ni kanuni nzuri, na bado naisimamia.

Kisa kilichotutoa jasho kilitokea baadaye kidogo. Maabara ya kweli, pale kipimo kilipokuwa hakijakamilika, ilirudisha jibu lisilo na majibu ndani yake, mahali pake pako tupu. Sisi bandia yetu haikuwahi kurudisha utupu. Sakina alikuwa na majibu daima. Majaribio yote yakapita, tukapongezana, na hospitalini manesi wakabaki wanatazama skrini nyeupe. Tulikaa kikaoni tukiwa wadogo kama kidonge cha piritoni. Mzee akasema jambo ambalo nawaomba mlishike kuliko yote niliyoandika hapa: "Bandia haikuletei habari mbaya mpaka uiambie ilete. Dunia haingoji kuambiwa."

Basi mimi, binti wa machungwa, nikadhani nimeelewa. Nikasema, "Rahisi hiyo, Mzee. Tumpe Sakina majibu mabaya. Leo awe mgonjwa, kesho majibu yake yachelewe, tuone nini kinavunjika."

"Hapana."

"Ni neno moja tu, Mzee. Nalibadilisha sasa hivi."

"Nimesema hapana!" Alipiga meza. Sikuwahi kumwona hivyo, wala wale wengine, ambao hawakuelewa hata tulichokuwa tunasema. "Sakina ni mzima. Muacheni. Tengenezeni mgonjwa mwingine, mumpe maradhi yote ya dunia, lakini huyo muacheni."

Tukatengeneza Mgonjwa wa Pili, maskini, na mpaka leo ndiye anayeugua kila kitu. Mimi nilirudi mezani nimenuna. Nilijiambia, mzee gani huyu, anagomba na mtu kwa ajili ya mfano! Siku kadhaa shikamoo yangu ilikuwa ya mdomoni tu, na yeye aliijua. Ijumaa akaja akasimama pembeni ya kiti changu. "Mama Sakina anasema Jumapili uje ule nyumbani. Anapika mihogo ya nazi."

Mama Sakina! Nikacheka peke yangu. Kumbe Sakina ni binti yake, ndiyo maana hataki augue hata kwenye kompyuta. Wivu wa baba tu. Nikachukua tarehe ya kuzaliwa iliyokuwa kwenye mfano, nikapiga hesabu, nikaona ni msichana wa umri wa chuo. Msichana wa chuo umpelekee nini? Nikaenda dukani nikamnunulia mkoba mdogo wa begani, rangi ya damu ya mzee, wenye kamba ya dhahabu. Ulinigharimu, lakini nilitaka kuomba radhi kwa mlango wa nyuma.

Mama Sakina alinipokea mlangoni kwa vicheko, mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, aliyezaliwa Pangani na aliyekuwa tayari kunibishia kama Muheza ina watu. Nilipokaa nikampa ule mkoba. "Huu wa Sakina," nikasema. "Kazini ananisaidia sana, ananijibu kila siku. Yuko wapi? Yuko chuo?"

Mzee alikuwa anamimina maji. Aliweka jagi chini, akaenda jikoni.

Mama Sakina aliupokea mkoba kwa mikono miwili. Aliufungua zipu, akatazama ndani, akaufunga. Ndipo akasema, taratibu, wala hakunilaumu, "Mwanangu, Sakina alituacha ana miaka tisa. Ilikuwa damu. Tulikuwa tunakwenda kupima, tunarudi, tunakwenda, tunarudi, na kila wakifungua karatasi mabaya zaidi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimefundishwa kutoiamini bandia, na nimekwenda kununua mkoba kwa maneno yake.

"Usilie," akaniambia, naye machozi yanamtoka. "Baba yake aliniambia, kule kazini kwake majibu yake yanatoka mazuri. Nikamwambia, basi, na yatoke."

Mzee akarudi na mihogo, tukala. Hatukulisema tena siku hiyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi mtoto wangu wa kwanza nilikuwa sijampata. Lakini ule mkoba Mama Sakina hakuuweka kabatini. Alikuwa anauvaa begani kwenda msikitini, mwanamke wa makamo na mkoba wa msichana wa chuo, na aliyeuliza alimwambia, "Wa mwanangu huu."

Baada ya hapo nilifanya kazi na Mzee miaka mingi mizuri, na siwezi kuisimulia yote bila kuwachosha. Alinifundisha kuongeza sehemu mpya kwenye mkataba bila kuwavunjia wale wa zamani: ongeza, usiondoe, na ukilazimika kuondoa, tangaza mapema kama mtu anayehama nyumba ya kupanga. Alistaafu siku ya theluji nyingi. Aliniita mezani kwake, tayari amefungasha, akaniambia, "Cherehani nakuachia wewe. Na yeye pia." Sikuuliza yeye nani.

Kisha Mama Sakina akafariki. Moyo, ghafla, asubuhi anavaa viatu. Nilikwenda Thornhill kutoa pole, nikakaa na wanawake sebuleni, na ule mkoba ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango. Watu walipopungua Mzee alinifuata barazani pale nilipokuwa navaa koti. Akasema, "Unajua, Pendo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananiita Baba Sakina. Wengine wote hawakumjua mtoto. Sasa jina lake halitajwi mahali popote ila kazini kwenu."

Nikamwambia, "Kwetu anatajwa kila siku, Mzee. Ondoa shaka."

Ondoa shaka! Maneno ya mtu asiyejua kesho.

Agizo likaja mwaka uliofuata. Ninyi wengine mlikuwepo. Hakuna taarifa za mtu wa kweli zinazoruhusiwa kwenye mifano ya majaribio, awe hai au marehemu, na zikionekana ziondolewe pamoja na kumbukumbu zote za nyuma. Agizo ni sahihi, nalitetea mpaka kesho. Msichana wa kitengo cha faragha, mpole, alinipigia simu akisoma orodha yake. Alipofika kwa Sakina akauliza, "Huyu ni mtu wa kweli au mlimtunga?"

Nilijua kwamba nikisema tulimtunga, mambo yameisha. Hakuna mwingine duniani ambaye angejua, ila mzee mmoja Thornhill. Nilimwambia nitamjibu kesho, nikampigia Mzee.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Nitasema ni wa kutungwa. Hasara ya nani?"

"Usiseme uongo kwa ajili yangu, mwanangu."

"Si kwa ajili yako. Kwa ajili yake."

"Yeye alikuwa mgonjwa," akasema. "Miaka yote nimewaambia siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Wangu asiwe tofauti kwa sababu ni wangu. Waambie kweli." Kisha akaongeza: "Lakini usimfute peke yako. Njoo nyumbani."

Nikapanda basi la barabara ya Steeles na kompyuta ya kazini mapajani, kwa sababu gari kwenye theluji sikuwahi kulizoea. Mzee alikuwa amevaa shati la kazini, limepigwa pasi. Alikuwa ameshafuta meza. Tukakaa bega kwa bega kama zamani, nikafungua mkataba, na pale juu alikuwepo: jina, tarehe, kipimo, majibu.

"Kanuni zenu zinaniruhusu kuandika mimi?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Basi andika wewe." Akavaa miwani. "Jina: Mgonjwa wa Kwanza."

Nikaandika. Nilibonyeza herufi moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Tarehe, weka ya Januari mosi. Kipimo acha, damu ni ya watu wote." Kisha akanishika kiganja kabla sijashuka mstari. "Majibu usiyaguse. Hayo si taarifa za mtu wa kweli. Yeye hakuwahi kuyapata."

Ndipo nikaongeza yale maneno ambayo kijana wetu anataka kuyafuta.

Nikaendesha cherehani. Mnajua ilivyo, nilijisifu nayo mbele yenu mara ngapi: badilisha pahali pamoja, pote panafuata. Ilipita kwenye kila timu na kila lugha, na popote ilipopita Sakina hakuwepo tena. Maji ya chai yalikuwa bado hayajachemka. Sikujua kama kazi niliyoipenda hivyo inaweza kuniumiza kwa wepesi wake.

"Sasa endesha majaribio," Mzee akasema.

Nikayaendesha, ya timu zote. Akasogeza kiti akawa karibu na skrini kuliko mimi, anatazama mistari inavyoshuka, mmoja baada ya mwingine, rangi ya jaribio lililopita, ya kijani, ya kijani, ya kijani. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nami nikaelewa anachotafuta, nikajikuta naomba Mungu awepo mzembe mmoja, mmoja tu kati yenu wote, aliyeandika jaribio lake kwa kushika jina la Sakina.

Ilifika mwisho.

"Hata moja halikuanguka?" akaniuliza.

"Hata moja, Mzee."

"Endesha tena."

Nikaendesha tena. Yakapita yote. Aliutazama mstari wa mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Basi," akasema, "niliwafundisha vizuri."